Usiku Mmoja wa Keki, Miezi Mitano Nyuma ya Kioo

Barua ya kwanza

Shikamoo Mshauri.

Mimi ni kijana wa miaka 23, fundi wa simu katika kibanda kidogo karibu na stendi ya mabasi hapa Kisumu. Miezi mitano iliyopita rafiki yangu alisherehekea siku yake ya kuzaliwa, tukaenda watu sita ufuoni Dunga, na mmoja wetu akaja na keki ndogo ambazo alisema wazi kwamba zilikuwa zimetiwa bangi. Mimi si mvutaji; niliwahi kuonja mara mbili tatu nikiwa shuleni, basi. Nilikula nusu ya keki, nikangoja karibu saa nzima, nikaona hakuna kitu, nikamalizia nusu iliyobaki huku wenzangu wakinicheka. Tulipokuwa tukila samaki, moyo ulianza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, sauti za watu zikawa kama redio ya jirani, na nikauona mkono wangu ukimega ugali lakini sikuhisi kwamba ni mimi ninayeumega. Niliamini kabisa kwamba ninakufa. Walininywesha maziwa, wakanipeleka nyumbani kwa mmoja wao wakanilaza sakafuni, na nilipoamka kesho yake saa sita mchana moyo ulikuwa umetulia, ila ule umbali haukuondoka.

Hadi leo naona mji kama uko nyuma ya kioo. Nikipanda matatu kwenda Kondele, najua ni Kondele, najua mimi ni nani, lakini kila kitu ni kama picha. Kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu husimama mbele ya kioo na kujiuliza kama huyu ni mimi, na wakati mwingine hujifinya mkono. Usiku nasoma kwenye simu habari za watu waliopatwa na mambo haya hadi saa tisa. Nimenunua vidonge vya Valium katika duka la dawa, nami nameza kimoja karibu kila usiku, sasa ni wiki ya tatu. Jambo la ajabu ni kwamba nikiwa nimefungua simu ya mteja na kuzipanga skrubu zake, hali hii hunisahau. Nikikumbuka tu kwamba ilinisahau, inarudi papo hapo.

Shangazi yangu ninayeishi naye Nyalenda anasema nimetupiwa kitu, na anataka nikakeshe kwenye maombi siku tatu bila kula. Rafiki zangu wanasema dawa ya moto ni moto, nivute kidogo ili akili irudi mahali pake. Je, nimeuharibu ubongo wangu? Ninaelekea kuwa mwendawazimu? Haya yataisha? Na nikienda hospitalini nikaitaja bangi, sitakabidhiwa kwa polisi?

Fundi, Kisumu

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Umeuliza maswali manne, nami nitaanza na la pili, kwa sababu nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Huelekei kuwa mwendawazimu, na ushahidi umeuandika wewe mwenyewe bila kujua. Unasema mji uko kama nyuma ya kioo, sauti zilikuwa kama redio ya jirani, kila kitu ni kama picha. Neno hilo dogo, kama, ndilo ambalo muuguzi wa wodi ya magonjwa ya akili hulitegea sikio kabla ya mengine yote, nami nililitegea sikio kwa miaka mingi kabla sijapewa ukurasa huu. Mtu ambaye akili yake imeachana na uhalisi hasemi kama. Atakuambia kwamba Kondele imebadilishwa usiku, na ukimbishia atakuona u miongoni mwa walioibadilisha. Wewe unajua kwamba Kondele ni Kondele, na kinachokutesa ni kwamba kujua huko hakuandamani tena na hisia uliyoizoea.

Hali yenyewe ina majina hospitalini. Utasikia dipasonalaizesheni, yaani mtu kujihisi mgeni kwa nafsi na mwili wake, na dirializesheni, yaani kuuona ulimwengu wa nje kuwa si halisi. Kwa kawaida mbili hizi hutembea pamoja, na mimi nitaziita umbali, kwa kuwa hilo ndilo neno ulilolichagua. Si jambo lililoletwa na kizazi cha simu. Mfaransa Ludovic Dugas alikuwa akiiandikia hali hiyo mwaka 1898. Wala si jambo adimu: makadirio yanayotumiwa na wataalamu ni kwamba kati ya asilimia 26 na 74 ya watu hupatwa nayo angalau mara moja maishani kwa muda mfupi, baada ya ajali, msiba, mkesha mrefu au hofu kubwa. Mwulize mwendesha bodaboda yeyote aliyewahi kugongwa, atakueleza jinsi alivyojiona akianguka polepole, kana kwamba anamtazama mtu mwingine. Wale ambao hali hiyo huwakalia kwa muda mrefu kiasi cha kuhesabiwa kuwa ni ugonjwa ni wachache, takribani asilimia 1 hadi 2, na wengi wao huanza wakiwa katika umri wa ujana.

Nikiwa wodini niliwaona pia watu waliofanyiwa upasuaji mdogo kwa dawa ya usingizi iitwayo ketamine, ambayo hutumika sana katika hospitali zetu kwa sababu haimzuii mgonjwa kupumua. Baadhi yao waliamka wakisema walikuwa juu darini wakijitazama kitandani. Tulikaa nao, tukapunguza kelele, tukawaambia dawa inaondoka, na kufikia jioni walikuwa wakiulizia chai. Wale walioelezwa mapema kwamba huenda wakaona mambo ya namna hiyo hawakutishika. Nawakumbuka kila ninaposoma barua kama yako, kwa kuwa wewe hukuwa na mtu wa kukueleza chochote, uliachwa na umbali huo sakafuni kwa mtu, ukaupa maana peke yako.

Sasa hebu turudi Dunga. Bangi ikivutwa hupanda kichwani kwa dakika chache, na mvutaji hujua mapema kwamba amezidisha. Ikiliwa, hupitia tumboni na kwenye ini, ambako kemikali yake kuu inayolevya, THC, hugeuzwa kuwa namna nyingine iliyo kali zaidi, na kwa hiyo ulevi wake huchukua nusu saa hadi saa mbili kuanza, kisha hudumu kwa muda wa saa 6 hadi 12. Ile nusu ya pili uliila wakati ya kwanza ingali njiani. Kosa hilo hutendwa kila mahali watu wanapokula bangi. Hata katika jimbo la Colorado huko Marekani, ambako inauzwa kihalali, sheria imeweka kiwango cha miligramu 10 za THC kwa kipande kimoja, kwa kuwa mlaji hawezi kupima kwa macho. Aliyekupikia hakuwa na mizani ya miligramu, na kipande kimoja cha sinia lake huenda kilibeba mara kadhaa ya kipande kingine. Maziwa hayakukudhuru wala hayakuiondoa sumu, ingawa nadhani mkono uliokushikia kikombe ulikusaidia.

Kipimo kikubwa namna hiyo huuchochea moyo, na moyo ukienda mbio mtu huogopa, akiogopa huhema haraka, na akihema haraka hupoteza kabonidioksaidi nyingi mno mwilini. Matokeo ya upungufu huo ni vidole kufa ganzi, kizunguzungu na hisia ya kuwa mbali na mambo, yaani yale yale uliyoyaeleza. Huo ndio mshtuko wa hofu, na kilele chake hufika ndani ya dakika chache tu, ila kwako ulitokea juu ya ulevi ambao ulikuwa na saa nyingi mbele yake.

Umeuliza kama umeuharibu ubongo. Umbali si kidonda cha ubongo. Mabaki ya THC hukaa katika mafuta ya mwili na yanaweza kuonekana kwenye mkojo kwa siku kadhaa, au kwa wiki kadhaa kwa mtumiaji wa kila siku. Miezi mitano baada ya keki moja hakuna bangi iliyobaki inayokufanyia kazi. Kinachofanya kazi sasa ni hofu, na hofu imepata mahali pa kurudia.

Hapo ndipo sentensi yako moja iliponisimamisha. Umeandika kwamba unapofungua simu ya mteja hali hii hukusahau. Nadhani ulitaka kusema kwamba wewe ndiye huisahau, lakini kalamu ilikwenda upande mwingine, na kalamu ya mtu mwenye hofu huandika hivyo: hali inakuwa ndiyo mtu, na mtu anakuwa kitu kinachotazamwa. Igeuze sentensi hiyo uisome tena. Wewe huisahau, na ukiisahau haipo. Kisha unaikumbuka, unakwenda kuangalia kama ipo, na kule kwenda kuangalia ndiko kunakoileta. Ukiwahi kung'oa jino utakumbuka jinsi ulimi unavyokataa kutulia; hurudi kwenye pengo mara mia kwa siku, na kila ukigusa pengo huonekana kubwa kuliko lilivyo. Pengo halikui. Ulimi ndio usiotulia.

Kwa hiyo ninachokuomba cha kwanza kinahusu kioo cha asubuhi. Usimame mbele yake kwa kunyoa na kuchana nywele, na kazi hiyo ikiisha uondoke. Mtu yeyote akijitumbulia macho kwenye kioo kwa dakika kadhaa huanza kuona uso mgeni, hata asiyewahi kuonja kitu maishani. Ukitaka kuamini, mwombe shangazi yako ajaribu. Jaribio lako la kila asubuhi, basi, limepangwa ili mtu ashindwe. Kujifinya ni vivyo hivyo, pamoja na kuisikiliza sauti yako unapozungumza, na kumwuliza rafiki kila mara kama unaonekana sawa. Ukishindwa kuacha mara moja, ahirisha: jiambie utaangalia baada ya dakika 10, uvae viatu, ufunge mlango, uanze kutembea. Mara nyingi dakika 10 zikifika utakuwa umekwisha kuingia katika jambo jingine.

Cha pili ni simu ya usiku. Unafanya kazi ya kubadilisha vioo vya simu mchana, kisha unajifungia nyuma ya kioo cha simu usiku, na mchezo huo wa maneno si wangu, ni wa maisha yako. Wanaoandika saa nane usiku kuhusu umbali ni wale ambao bado wanao. Aliyepona yuko usingizini, au amekwenda kuvua, hana haja ya kuandika. Ukisoma habari mia moja za namna hiyo utaamini hakuna anayepona. Zaidi ya hayo, kukosa usingizi peke yake huzaa umbali kwa mtu mzima wa afya, kwa hiyo kila usiku unaokesha kutafuta dawa ya hali hii unaiongezea chakula. Simu ilale chumba kingine, na kama mnaishi chumba kimoja, ilale ndani ya sufuria iliyofunikwa upande wa pili. Nasema hivi bila utani, nimeona ikisaidia.

Umbali ukija katikati ya siku, usipigane nao na usijaribu kuufukuza, kwa sababu kumfukuza mgeni wa namna hii ni kumpa kiti. Useme moyoni kwamba umekuja, kisha urudi kwa kile mkono ulichokuwa ukifanya, pole pole, kwa uangalifu wa fundi. Hapa una bahati kuliko wasomaji wangu wengi, kwa kuwa kazi yako inadai macho na vidole. Ile skrubu ndogo kuliko punje ya wimbi, ambayo ukiipumulia inapotea, ule moshi mwembamba wa risasi inapoyeyuka, ile hesabu ya kukumbuka ipi ilitoka juu na ipi chini: hivyo ni vitu vya nje, na akili iliyoshikwa na vitu vya nje haina nafasi ya kujipeleleza. Usiwe na haraka ya kujiuliza kama vinahisi halisi. Vipange tu. Pumzi nayo iwe ndefu wakati wa kutoa kuliko wakati wa kuvuta, dakika mbili tatu, na ganzi ya vidole itapungua kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Usiache kupanda matatu wala kukutana na watu ukingoja kwanza upone, maana anayejifungia nyumbani humwachia mgeni nyumba nzima.

Kuhusu Valium nitakuwa mkali kidogo. Dawa hiyo huituliza hofu kweli, na ndiyo sababu ni hatari mikononi mwa mtu anayejinunulia: ndani ya wiki chache mwili huizoea, ukadai zaidi, na ukinyimwa dawa, hofu hurudi ikiwa na nguvu kuliko mwanzo. Umefika wiki ya tatu. Usiongeze kidonge, usinywe na pombe kamwe, kwa sababu vikichanganywa vinaweza kuzima pumzi, na wala usiache kwa kishindo usiku wa leo, kwa kuwa anayeacha ghafla baada ya kuizoea anaweza hata kupatwa na kifafa. Mwone daktari wiki hii akupangie namna ya kushuka. Kwa upande wa vitu vingine, acha kwa sasa miraa na muguka, ambazo kemikali yake huuamsha mwili kwa njia ile ile ambayo hofu huuamsha, acha vinywaji vya kuongeza nguvu, na upunguze kahawa na chai nzito. Pombe hutuliza jioni na kudai malipo yake asubuhi. Na wanaokuambia kwamba dawa ya moto ni moto, wasikuuzie methali. Akili yako imekwisha kuifunganisha bangi na kifo, na pumzi moja ya moshi inaweza kukurudisha Dunga, safari hii ukiwa peke yako.

Hospitalini nenda, kwa kuwa umbali uliopita mwezi mmoja na kumkosesha mtu usingizi unastahili kuonwa. Hapo Kisumu anzia katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia, uulize kliniki ya afya ya akili. Watakupima shinikizo la damu, na pengine watachukua damu kuangalia tezi ya shingo na wingi wa damu, kwa sababu tezi ikizidi kazi huleta mapigo na kutetemeka kunakofanana na wasiwasi. Usikubali kukimbizwa kwenye picha ya ubongo ya maelfu ya shilingi ikiwa hujawahi kuanguka kifafa, kupoteza fahamu, kuumia kichwani, au kupata maumivu makali ya kichwa yenye kutapika. Kwa hali uliyoieleza, picha hiyo hutoka ya kawaida. Tiba iliyo muhimu zaidi ni ya mazungumzo, hasa ile inayomfundisha mtu kuona jinsi anavyoifasiri hali yake na jinsi anavyoipeleleza. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuuondoa umbali wenyewe, lakini wasiwasi unaoubeba una dawa nzuri, kwa mfano fluoxetine, na daktari akikupa ya namna hiyo ujue mambo mawili mapema ili usishtuke: huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha nguvu yake, na katika siku za kwanza inaweza kukuongezea mahangaiko kidogo kabla ya kuyapunguza.

Polisi hawatakungoja mlangoni. Ni kweli kwamba bangi imekatazwa nchini kwa sheria ya mwaka 1994 ya dawa za kulevya, lakini unachomwambia daktari kuhusu ulichokula ni sehemu ya maelezo ya mgonjwa, na yeye analazimika kukutunzia siri. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu. Mweleze ukweli wote, keki, nusu mbili, na Valium pia. Kama huwezi kusubiri siku ya kliniki, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu bila malipo, na huhitaji kujitaja. Ikiwa wakati wowote utaanza kuwaza kwamba afadhali kufa kuliko kuishi hivi, hilo halingojei kliniki. Nenda siku hiyo hiyo, na shangazi yako aende nawe.

Nimemtaja shangazi kwa makusudi. Umeniandikia mimi nisiyekujua, na yeye anayekupakulia ugali kila jioni hajui ulichokula Dunga. Anasema umetupiwa kitu kwa sababu ameona kijana wake amebadilika na hakuna aliyempa maelezo mengine. Mkalie chini umwambie. Huenda atakasirika, tena kwa siku mbili tatu, kisha atakuwa mlinzi wako. Maombi sikukatazi, na ikiwa yanakupa utulivu nenda, lakini mwombe akubali yawe ya mchana na uwe umekula. Siku tatu bila usingizi wala chakula zitauongeza umbali. Sukari ikishuka mwili hutetemeka, na kutetemeka huko utakuita ugonjwa umezidi, ilhali ni njaa.

Kama yataisha? Kwa walio wengi umbali ulioletwa na bangi hupungua kwa wiki na miezi, na haupungui kwa siku moja ya sherehe bali kwa kukonda. Utaanza kuona kwamba ulikaa asubuhi nzima bila kuuwaza, kisha siku, kisha utashtuka umerudi wiki ya homa au ya ugomvi nyumbani, nawe utadhani umeanza upya, kumbe sivyo. Sikupangii tarehe. Nikikupa tarehe, utaamka kila siku kuihesabu, na kuhesabu nako ni kuangalia.

Barua ya pili

Mshauri, mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Langa Langa, Nakuru. Kijana wangu wa pili, mwenye miaka 20, amerudi kutoka chuoni, na wenzake wameniambia kwamba amekuwa akivuta bangi karibu kila siku kwa mwaka mzima. Kwa wiki mbili sasa halali zaidi ya saa mbili kwa usiku. Ameziba dirisha la chumba chake kwa magazeti, anasema mtangazaji wa redio anamtaja yeye kwa mafumbo, na tangu juzi anakataa chakula nilichopika mimi. Mdogo wa baba yake aliwahi kulazwa Gilgil kwa maradhi ya akili. Jirani yangu, ambaye mwanawe alipatwa na wasiwasi baada ya bangi akapona nyumbani, ananiambia nimwache apumzike, utaisha wenyewe. Nifanye nini?

Mama mwenye hofu, Nakuru

Jibu

Mama, usingoje uishe wenyewe. Nimeziweka barua hizi mbili pamoja kwa sababu bangi imo katika zote, na mtu wa nje anaweza kudhani ni jambo moja. Mwanao hasemi kwamba ni kama mtangazaji anamtaja. Anasema anamtaja, na amefunga dirisha kwa sababu hiyo. Hiyo ni hali nyingine, na inahitaji daktari leo au kesho, katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nakuru, upande wa dharura, bila kungoja siku ya kliniki. Bangi ya kila siku kwa kijana ambaye ukoo wake una maradhi hayo huongeza hatari, lakini hayo si ya kumlaumu sasa, na wala si ya kujilaumu wewe. Hali hii hutibika, na wanaotibiwa mapema hupata nafuu zaidi kuliko wanaofichwa nyumbani miezi sita.

Usibishane naye kuhusu mtangazaji, na usikubaliane naye pia. Mwambie unaona kwamba anaogopa na kwamba halali, kwa kuwa hayo mawili ni kweli na yeye mwenyewe hawezi kuyakana. Mara nyingi mgonjwa anayekataa kwenda kutibiwa akili hukubali kwenda kutafuta usingizi. Chagua mtu mmoja anayemwamini aongozane naye, si kundi la wajomba sita mlangoni. Asifungwe kamba. Visu na dawa za kunyunyizia mimea viondoke mahali anapofikia, na kama anakataa ulichopika, mpe ndizi ambazo hazijamenywa na mayai ya kuchemsha yaliyo bado na maganda, amenye mwenyewe. Akitishia kujiumiza au kumwumiza mtu, mwondoe kila mtoto nyumbani kwanza, ndipo uite msaada.

Kabla ya kutoka, andika kwenye karatasi siku aliyoanza kutolala, kila kitu unachojua alivuta au alimeza, na jina la maradhi ya baba yake mdogo kama mnalijua. Umpe daktari karatasi hiyo kando, si mbele ya kijana. Na gari mtakalopanda, mwombe dereva azime redio.